KITI JUU, KITI CHINI: UKAAJI WETU JUU YA BAISKELI NA NGUVU ZA MIGUU

Najua ukiona kichwa hiki utasema, "Lo! Chama cha Kiswahili kimeishiwa na methali na vitendawili hadi kinaandika habari za baiskeli?" Tulia kidogo. Nusu ya wasomaji wa gazeti hili huja shuleni kwa baiskeli, na nusu iliyobaki huomba kubebwa. Isitoshe, mambo nitakayoyaeleza hapa yaliniuma magotini kabla ya kuniingia kichwani.

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Kila siku alfajiri naendesha baiskeli kilomita saba hivi kuja shuleni, na jioni saba nyingine kurudi. Baiskeli yenyewe ni ya baba, ile aina ambayo Kenya nzima huiita Black Mamba: nyeusi, nzito, magurudumu ya inchi 28, breki za fito za chuma, haina gia, na nyuma ina keria ya kubeba gunia bila kulalamika. Nilipoingia Kidato cha Kwanza nilikuwa mfupi na kiti kilinitosha sawasawa. Nilipofika Kidato cha Tatu nilikuwa nimerefuka hadi suruali ya sare ikawa inaning'inia juu ya vifundo. Kiti kilikuwa palepale.

Muhula wa pili magoti yakaanza kuniuma, hasa mbele, chini kidogo ya kile kifuniko cha goti. Kupanda ngazi ikawa shida. Mama akanisugua kwa dawa ya kuchua, akasema ni baridi ya asubuhi. Halafu ikaanza kuzungumzwa nyumbani kwamba labda nihamie kwa shangazi anayeishi karibu na shule nyingine, maana kutembea kilomita saba ni kuchelewa kila siku na nauli ya pikipiki haipatikani. Niliogopa, si utani. Rafiki zangu wote wako hapa.

Aliyeniokoa hakuwa daktari. Ni fundi wa baiskeli pale sokoni. Nilimpelekea tairi lililotoboka, na nilipokuwa naondoka akaniita. "Kijana wangu, hebu panda nikuone." Nikapanda, nikazunguka mara moja. Akacheka. "Wewe huendeshi baiskeli. Wewe umechuchumaa juu ya baiskeli."

Neno hilo "umechuchumaa" ndilo somo lote la makala haya, basi tulichunguze.

Fanya jaribio hili sasa hivi kama mwalimu hayupo darasani. Mbebe mwenzako mgongoni, kisha chuchumaa kabisa na ujaribu kuinuka. Ngumu, sivyo? Sasa simama naye, kunja magoti kidogo tu, na uyanyooshe. Rahisi. Uzito ni uleule, miguu ni ileile. Kilichobadilika ni pembe ya goti. Goti likikunjwa sana, misuli ya paja inavuta ikiwa mahali pabaya, na kile kifuniko cha goti kinagandamizwa kwa nguvu nyingi dhidi ya mfupa wa paja. Mguu ukikaribia kunyooka, misuli ya paja na ya makalio inasukuma kwa pamoja na goti linapumua. Mwenye kiti cha chini hupiga pedali kila mzunguko akiwa katika ile hali ya kwanza. Ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika, kwa nusu saa, kila goti limechuchumaa mara 1,800. Na bado hujarudi nyumbani jioni!

Je, tukipandishe kiti hadi mbinguni? La. Kiti kikizidi juu, mguu hauifikii pedali ikiwa chini kabisa, basi nyonga zinaanza kuyumba kushoto na kulia kama bata, na unasukuma kwa ncha za vidole. Pale nguvu hupotea, na matako huchubuka. Fundi wangu alitumia kipimo ambacho mafundi wengi duniani wanakijua: kaa kitini, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu uwe umenyooka bila nyonga kuinama upande. Ukirudisha wayo mahali pake, yaani ile sehemu pana iliyo nyuma ya vidole iwe ndiyo iko juu ya pedali, goti litabaki limekunjika kiasi, kama nyuzi 25 hadi 35. Basi. Hakuna hesabu kubwa.

Bolti ya kiti changu ilikuwa imeshika kutu. Fundi akaitilia mafuta ya taa, akaigonga polepole, na paipu ikapanda vidole vitatu. Vidole vitatu tu! Sitadanganya kwamba maumivu yaliisha siku hiyo. Yaliendelea wiki mbili hivi, yakipungua, halafu siku moja nikagundua nimepanda ngazi za maktaba bila kuyakumbuka.

Sasa tuingie ndani kidogo (na mwalimu wa Fizikia anisamehe nikikosea njia, lakini asinisamehe nikikosea hesabu).

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kani ni msukumo: umesukuma pedali kwa uzito gani. Nguvu, inayopimwa kwa wati, ni kazi inayofanyika kila sekunde: msukumo mara mwendo. Unaweza kusukuma ukuta wa darasa kutwa nzima kwa kani kubwa. Ikiwa ukuta hausogei, wati ni sufuri. Kwa hiyo kusema "nilikanyaga kwa nguvu sana" hakutoshi. Swali ni je, ulikanyaga mahali ambapo pedali ilikuwa tayari kwenda? Pedali ikiwa juu kabisa, ukikanyaga wima unausukuma mhimili tu, haizunguki. Ikiwa chini kabisa, vilevile. Mkono wa pedali unapolala sambamba na ardhi, mguu ukiwa mbele, hapo ndipo kila kilo unayoitia inaingia kwenye mnyororo. Ukaaji mzuri ni ule unaolipa paja nafasi ya kusukuma hasa katika sehemu hiyo.

Tazama basi jinsi baiskeli mbalimbali zinavyomkalisha mtu.

Black Mamba imemlaza mwendeshaji nyuma. Paipu ya kiti imeinama sana, kiti kiko nyuma ya pedali, na mikono ya usukani imekunjwa kumrudia mwenyewe. Ukikaa unakuwa wima kama mzee wa kanisa. Unaona barabara yote, unasalimia kila mtu, na uzito wako uko kitini badala ya mikononi. Ukaaji huu si mbaya kama wanavyosema vijana wenye baiskeli za gia. Nyonga iko wazi, tumbo halibanwi, unapumua vizuri, na unaweza kuvuta usukani kukuelekea huku ukisukuma pedali. Kwa mwendo wa polepole na mzigo, imetengenezwa sawa.

Shida yake ni mlima, na hapa hesabu inafurahisha. Tuseme mimi nina kilo 60, baiskeli 20, na gunia keriani kilo 50. Jumla 130. Tuseme pia meno ya mbele ni 44 na ya nyuma 20, kwa hiyo mzunguko mmoja wa pedali unanipeleka karibu mita 4.8. Nikikuta mwinuko wa mita 5 kwa kila mita 100, uzito pekee unanirudisha nyuma kwa nyutoni 64 hivi, na tairi likisuguana na murram naongeza kama 13. Jumla 77. Mkono wa pedali una sentimita 17. Ukipiga hesabu, pedali inadai wastani wa nyutoni 345 hivi. Na kwa kuwa juu na chini mguu haufanyi kitu, pale katikati ni lazima nikanyage kwa takriban nyutoni 540. Hiyo ni kilo 55. Yaani karibu mwili wangu wote usimame juu ya pedali moja, kisha uhamie ya pili, bila kupumzika, hadi juu!

Ndiyo maana mtu husimama mlimani. Akisimama, uzito wa mwili unafanya kazi ambayo paja peke yake lingeshindwa, na mikono ikivuta usukani anaweza hata kuuzidi uzito wake. Lakini kusimama kuna gharama yake: mwili unajibeba wenyewe, moyo unakwenda mbio, na baiskeli huyumba huku na huku. Bila mzigo, kuyumba si neno. Ukiwa na gunia au mitungi miwili ya maji keriani, ikiyumba ndiyo imekwenda, na wewe nayo. Sasa unaelewa kwa nini mama na baba zetu hushuka na kusukuma kwa mkono wakati mlima unaonekana mdogo tu. Wengine wetu tuliwacheka tukidhani ni uzee. Kumbe ni hesabu.

Wa boda boda za baiskeli walilijua hili zamani. Kazi hiyo ilianzia mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, miaka ya 1960, na abiria alikaa juu ya keria iliyotiwa mto. Abiria mzito huvuta baiskeli nyuma na kuufanya usukani kuwa mwepesi, kwa hiyo dereva huinamia mbele, si kwa mashindano bali ili gurudumu la mbele lisipae. Kwenye kilima abiria alishuka mwenyewe bila kuambiwa. Heshima hiyo.

Baiskeli za milimani, zile zenye matairi mapana yenye meno na gia nyingi, zinatatua shida ya mlima kwa njia nyingine. Meno 22 mbele na 28 nyuma, mzunguko mmoja unakupeleka mita 1.6 au 1.7 tu badala ya 4.8. Msukumo unaodaiwa na pedali unapungua mara tatu, basi unapanda ukiwa umekaa, miguu ikienda mbiombio. Hujapata nguvu mpya, usidanganyike. Wati ni zilezile, ila umezigawa katika vipande vidogo ambavyo goti linavimudu.

Kuna ukaaji mmoja ambao vitabu havina, lakini sisi wa mashambani tunaujua. Ni ule wa mtoto wa miaka saba mwenye baiskeli ya mtu mzima. Kiti hakifikiki, paipu ya juu haivukiki, kwa hiyo anapitisha mguu mmoja chini ya paipu, ndani ya fremu, ananing'inia upande mmoja na kwenda hivyo, mwili huku baiskeli kule. Nguvu inapotea vibaya sana. Mguu mmoja haunyooki kamwe na nusu ya kazi ni kuzuia kuanguka. Na bado wengi wetu tulijifunzia hapo, tukatumwa dukani hivyohivyo, na sukari ikafika.

Sasa mbio. Hapa adui si mlima tena bali upepo, na upepo una tabia mbaya: ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu inayodaiwa na hewa inaongezeka mara nane. Nikikaa wima juu ya Mamba nikienda kilomita 15 kwa saa, hewa inanidai wati 22 hivi. Nikitaka kilomita 30 kwa saa, inadai kama 174. Mtu mwenye afya ya kawaida akitoa wati 100 kwa saa nzima ametoa jasho haswa, basi 174 hizo nizitoe wapi? Nikiinama kama mwanamashindano, mgongo ukalala na viwiko vikakunjwa, mwili unaougonga upepo unapungua, na kwa kilomita 30 zilezile hewa inadai wati 100 hivi. Nguvu 74 nimezipata bila kula hata ndizi moja.

Jambo hilo linafaa hata kwa sisi wa Mamba. Siku upepo unapokuja kwa kilomita 15 kwa saa kutoka mbele, na wewe unakwenda 15, zile wati 22 zinageuka kuwa 87. Wanaotoka upande wa Garissa Road kupitia yale mashamba makubwa ya mananasi, ambako hakuna mti wa kukukinga, watanielewa. Kunja viwiko, teremsha kifua. Utaonekana mjinga, lakini utafika.

Mbona basi sote tusiiname daima? Kwa sababu ya nyonga. Ukiinama, paja linapopanda linakutana na tumbo, pumzi inabanwa, na misuli ya makalio inavutwa kupita kiasi. Wati za miguu zinapungua kidogo, ingawa wati za upepo unazookoa ni nyingi zaidi. Watengenezaji wa baiskeli za mbio dhidi ya saa walipata ujanja: wanasogeza kiti mbele na juu, ili mwili wote uzunguke mbele kama mshale wa saa huku pembe kati ya paja na kifua ikibaki karibu ileile. Ndiyo maana paipu ya kiti cha Mamba imelala na ile ya baiskeli ya mbio imesimama.

Watu wamejaribu ukaaji wa kila aina. Tarehe 7 Julai 1933 huko Paris, Mfaransa Francis Faure aliendesha baiskeli ya kulalia chali, miguu mbele, iliyotengenezwa na Charles Mochet, akaenda kilomita 45.055 kwa saa moja. Rekodi ya Oscar Egg ya kilomita 44.247 ilikuwa imesimama tangu 1914. Faure hakuwa bingwa wa kutisha. Alichokuwa nacho ni ukaaji tofauti. Chama cha baiskeli cha kimataifa kilifanya nini? Mwaka wa 1934 kikasema hiyo si baiskeli. Mwaka wa 1993 Mskoti Graeme Obree akatumia baiskeli aliyojiundia, ambayo ndani yake ilikuwa na vyuma vya mashine ya kufulia nguo, akiwa amekunja mikono chini ya kifua kama ndege aliyelala. Akaenda kilomita 51.596. Mwaka uliofuata ukaaji huo ukapigwa marufuku, akabuni mwingine wa kunyoosha mikono mbele kabisa, nao baadaye ukakataliwa. Mimi huona walimwonea, lakini mwenzangu mmoja wa dawati anasema mashindano ni ya miguu wala si ya mafundi. Tumebishana hadi kengele.

Na wetu je? Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka wa 1985, na akiwa kijana alifundishwa na David Kinjah kule Kikuyu. Aliiwakilisha Kenya kabla ya kuanza kuiwakilisha Uingereza, kisha akashinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Tarehe 9 Julai 2016, akiteremka mlima wa Peyresourde, alishuka kitini akakalia paipu ya fremu, kidevu juu ya usukani, na bado akaendelea kupiga pedali! Ukitazama picha zake utaona magoti yamekunjwa vibaya, ni kuchuchumaa kabisa kama nilivyokuwa mimi. Kwa nguvu za miguu ulikuwa ukaaji mbovu. Lakini kwenye mteremko mlima ndio unaosukuma, kazi ya mtu ni kujificha upepo tu, na alishinda siku hiyo kwa sekunde 13. Kuanzia Aprili 2021 kukalia paipu namna hiyo kumepigwa marufuku mashindanoni, maana ni hatari. Wanaojaribu kwenye Mamba wakumbuke kwamba breki zetu ni za fito.

Nirudi nyumbani. Kiti kilipopanda, magoti yangu yalipona, lakini baba alikasirika. Yeye si mfupi sana, mbona basi alipenda kiti chini? Nilimtazama Jumamosi moja akiteka maji. Mitungi miwili ya lita 20, moja kila upande wa keria, hiyo ni kilo 40. Anapoanza kuondoka na anaposimama, ni lazima miguu yote miwili ikanyage ardhi huku yeye amekaa, la sivyo mitungi inamwangusha. Anakwenda polepole, mwendo mfupi, hachoki magoti. Kiti changu cha kisomi kilikuwa kinamwacha akining'inia kwa vidole, na mara moja nusura amwage maji yote mbele ya majirani. "Wewe na fundi wako," akaniambia, "mmetengeneza baiskeli ya kwenda shule. Nani atatengeneza ya kuteka maji?"

Sikuwa na jibu la Fizikia. Tulikwaruza paipu ya kiti kwa msumari: alama moja ya juu, alama moja ya chini. Spana tuliifunga kwa mpira wa tyubu chini ya keria. Ijumaa jioni nateremsha, Jumatatu alfajiri napandisha, na bolti tumeitia grisi ili isishike kutu tena.

Ijumaa iliyopita nililala nikiwa nimesahau. Asubuhi nilisikia baiskeli ikitoka, kisha kimya kirefu, kisha hatua zikirudi hadi dirishani kwangu.

"Spana iko wapi?"